Barua ya wazi: Tuonyesheni rejista za walioshuka bandarini

Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa,
kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji,
na kwa kila mwenye ufunguo wa masijala ya zamani, awe Dodoma au Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Madukani, Dodoma.

Nianzie Kongwa, maana ni jirani na habari yake inajulikana hata kwa watoto wa shule. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta kulima karanga pale. Ikang'oa mibuyu, ikajenga karakana na nyumba za mabati, na ilipofika 1951 mradi ukawa umekwisha kufa. Wengi waliokuja kuendesha mitambo ile, kutibu wagonjwa na kushika mahesabu walipanda meli katika bandari za Uingereza, na kila aliyepanda aliandikwa: jina, umri, kazi, anwani aliyotoka, nchi anayokwenda kukaa. Orodha zile zilikabidhiwa Bodi ya Biashara ya kwao. Leo zimetunzwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, pale Kew, London, katika fungu linaloitwa BT 27, kuanzia 1890 hadi 1960. Zimeskaniwa na zinatafutika kwa jina. Mjukuu wa fundi mitambo aliyekaa Kongwa msimu mmoja akaondoka na malaria yake anaweza kumpata babu yake kwa simu, akiwa kwenye basi.

Kaptura za fundi yule huenda zilishonwa na babu yangu mimi. Alikuwa fundi cherehani, kwanza Kondoa, baadaye hapa mjini, na watu wa karanga walikuwa wateja wazuri wenye kulipa taslimu. Babu naye alivuka bahari. Alitoka Kutch, magharibi ya India, akapanda meli Bombay, akashuka Dar es Salaam, akapanda treni ya kuja bara. Akamwoa bibi yangu, Mrangi wa Kondoa, na sisi ndio hao mnaotuona sokoni tukiongea Kiswahili cha Dodoma na sura zinazowafanya watu waulize, "Kwani wewe kwenu wapi?" Huko nyuma jina lake liliandikwa mahali, na sina shaka na hilo, kwa kuwa pasipoti yake ina muhuri wa afisa uhamiaji, na muhuri wa bandarini haupigwi bila mtu kuingizwa kwenye kitabu. Mimi nautafuta mstari ule mmoja wa kitabu kile, na nawaandikia kwa sababu sina pa kuanzia.

Mtaniambia kuna tovuti. Zipo, nami nazijua. Tatizo ni kwamba kumbukumbu za Kew zinahusu bandari za Uingereza. Meli iliyotoka Bombay ikapita Shelisheli, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam haikugusa Southampton, kwa hiyo abiria wake hawamo. Hamburg nako wametunza orodha za abiria za 1850 hadi 1934, na Mjerumani aliyekuja huku kwa meli za Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890, anaweza kuonekana mle. Fundi cherehani wa Kutch hawezi.

Kuna Wahindi wengine ambao kumbukumbu zao za bahari ni nzuri ajabu, na sababu yake inaniudhi kila nikiifikiria. Kati ya 1860 na 1911 watu 152,184 walipelekwa Natal, Afrika Kusini, kwa mikataba ya kufanya kazi mashambani. Meli ya kwanza, Truro, ilifika Durban tarehe 16 Novemba 1860. Rejista zao zipo mpaka leo: jina la mtu, jina la baba yake, umri, kabila lake, kijiji, wilaya, hata kovu alilokuwa nalo mwilini. Mauritius nao wana kumbukumbu za namna hiyo, zimo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia. Mtu aliandikwa hadi kovu kwa sababu mwenye shamba alikuwa amemlipia nauli na alitaka kumtambua akitoroka. Babu yangu alijilipia nauli mwenyewe, akalala sitahani na godoro lake na chakula chake mwenyewe. Hakuwa na bwana wa kumhesabu. Basi uhuru wake ndio uliomfanya apotee kwenye karatasi za wenzetu.

Kampuni za meli nazo hazikuwa na desturi ya kuyatunza majina ya abiria baada ya safari. Kazi yao ilikuwa kufikisha watu na kukabidhi karatasi kwa serikali ya bandari waliyoshukia. Kwa hiyo mtu wa sitahani aliyetoka Bombay, mahali panapotarajiwa sana kuwa na jina lake ni pale aliposhuka. Yaani kwetu. Kitabu kile kama kipo, kiko chini ya mikono yenu, na kama hakipo, hakuna mtu mwingine duniani atakayetupa nakala.

Nieleze kwa nini mstari mmoja una uzito. Nyumbani kwetu ilisemwa siku zote kwamba babu alikuja na meli inayoitwa Karanja, wakati wa vita. Shangazi yangu mkubwa, ambaye ana kumbukumbu ya bei ya kila kitu kilichowahi kuuzwa Dodoma, anasema ulikuwa mwaka 1944 na sukari ilikuwa kwa mgawo. Ni hadithi tamu ila haikai. Karanja zilikuwa mbili, zote za kampuni ya British India Steam Navigation, ile tuliyozoea kuisikia kwa wazee kama "BI". Ya kwanza iliundwa 1931 ikawa inafanya njia ya Bombay, Afrika Mashariki na Durban. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, jeshi likaichukua, na Novemba 1942 ndege za adui zikaizamisha katika bandari ya Bougie, Algeria. Ya pili ilianza kazi 1948. Mwaka 1944 hapakuwa na Karanja baharini hata moja. Kwa hiyo ama meli ilikuwa nyingine, ama mwaka ni mwingine, ama (hili ndilo ninaloliamini zaidi) hadithi imeshona safari mbili zikawa moja. Watu wale hawakuja mara moja tu. Alikuja kijana, akafanya kazi miaka kadhaa, akarudi kumwona mama yake au kumzika, akaja tena, na kila kuja tena kulipigwa muhuri mpya. Wajukuu wanarithi safari moja tu, ile yenye jina la meli zuri.

Rejista ingelimaliza hili kwa dakika tano.

Pasipoti yenyewe ninayo. Imetolewa wakati India bado ni ya Mwingereza, na mahali pa uraia haikuandikwa kwamba mwenyewe ni raia wa Uingereza. Imeandikwa ni mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, mzaliwa wa dola ya Kutch. Maana Kutch ilikuwa na mtawala wake, kama Porbandar na Jamnagar zilivyokuwa na watawala wao, na watu wengi waliokuja kufungua maduka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Singida walitoka katika dola hizo ndogo na si katika India ya Mwingereza moja kwa moja. Jambo hili dogo huwafanya wajukuu wapoteze muda mwingi wakitafuta katika mafungu ya raia wa Uingereza. Ukurasa wa mihuri una muhuri wa Dar es Salaam, wino wa zambarau. Neno la bandari linasomeka. Siku inasomeka. Mwezi umemezwa na doa la mafuta ya nazi, na mwaka umebaki tarakimu mbili za mwanzo, 19, ambazo hata mimi ningezibahatisha. Pembeni mwa muhuri kuna namba ya kalamu, yenye mkwaju katikati, mwandiko wa haraka wa mtu mwenye foleni ndefu mbele yake. Namba ile ni ya kitu. Ni ya jalada, au ya ukurasa wa kitabu, au ya stakabadhi ya dhamana. Mtumishi wenu mmoja mzoefu angeitazama mara moja akasema, "Hii ni masijala fulani." Naomba nimpate huyo mtumishi.

Kabla ya meli za moshi safari zilikuwa za majahazi, na sidai mtafute rejista ambazo hazikuwahi kuwepo. Jahazi lilitoka Mandvi au Porbandar na upepo wa kaskazi, likarudi na kusi, na nahodha wake hakuwa na fomu ya kumjazia mtu yeyote. BI ilianza kuleta meli za barua Zanzibar mwaka 1872, na tangu hapo karatasi zikaanza kuongezeka. Tunachodai ni cha wakati ule ambao serikali ilikuwa tayari inaandika.

Nimekwenda kuuliza. Katika ofisi moja ya serikali, ambayo sitaitaja, niliambiwa na dirisha la kwanza kwamba mambo hayo ya kikoloni yalishachomwa zamani. Dirisha la pili likasema yako stoo, ila mwenye stoo amehamishwa. Wote wawili walikuwa wapole na hakuna aliyenidai chai. Nadhani wote wawili walikuwa wakikisia. Na hapo ndipo hoja yangu yote ilipo, waheshimiwa: sidai kwanza mskani kitu chochote. Nadai orodha. Chapisheni orodha ya kilichopo: rejista gani za uhamiaji na za bandari, za miaka gani hadi gani, ziko jengo lipi, zina hali gani. Na kama zilichomwa, andikeni kwamba zilichomwa. Mtu akijua kitabu kimeungua anaacha kutafuta na kumsumbua mtumishi wenu.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, inataka kumbukumbu za umma zenye thamani ya kudumu zifikishwe kwenye Nyaraka za Taifa, na zikitimiza miaka 30 wananchi waruhusiwe kuzisoma. Babu alishuka bandarini zaidi ya miaka 70 iliyopita. Kama kitabu chake bado kiko katika stoo ya ofisi inayotoa vibali vya leo, hakipaswi kuwa pale, na mtunza stoo wa leo hana kosa, kwa sababu kazi yake ni watu wanaoingia nchini leo. Mhamishieni mzigo anayestahili kuubeba.

Na ninyi wa Nyaraka mna rekodi nzuri katika hili, si kwamba nawapamba ili mnipendelee. Majalada ya serikali ya Kijerumani yaliyobaki Dar es Salaam yalipangwa na kuorodheshwa vizuri miaka ya 1960, na mwaka 1997 UNESCO ikayaingiza katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Mtu anayetafuta habari za reli ya kati, iliyoanza Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914, anajua pa kuanzia. Mtafiti anatoka Berlin na namba ya jalada mfukoni. Sisi wa Uhindini na Majengo tunakuja na jina la babu na matumaini, na jina lenyewe lina matata.

Nisimame kidogo kwenye majina, kwa sababu atakayetengeneza faharasa bila kulijua hili atakuwa ametwanga maji. Kwa watu wa Kutch na Gujarat wa enzi zile, mtu alikuwa na jina lake na kufuatiwa na la baba yake. Kassam mwana wa Jiwa ni Kassam Jiwa. Mwanawe Ladha ni Ladha Kassam, si Ladha Jiwa. Kwa hiyo baba na mwana hawashiriki jina la mwisho, na karani wa Kiingereza aliyezoea jina la ukoo aliwaandika kama watu wasiohusiana. Karani wa Bombay aliandika alivyosikia, wa Dar es Salaam akaandika alivyosikia yeye, Hashim akawa Hasham, Jusab akawa Yusuf, na mwenyewe akatia sahihi kwa Kigujarati ambacho hakuna kati yao aliyekisoma. Mimi nashauri faharasa yoyote iwe na nafasi ya jina la baba, ya kazi, na ya mji mtu aliosema anakwenda. "Fundi cherehani, Kondoa" itampata babu yangu hata kama jina limeandikwa kwa miguu.

Sasa jambo gumu, ambalo ndilo linalofanya watu wengi wenye karatasi wasije mbele yenu.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa hapa na mzazi mmoja aliyezaliwa hapa alikuwa raia moja kwa moja. Wengine wengi walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1963, kujiandikisha. Familia nyingi ziligawanyika mezani: huyu ajiandikishe hapa, yule abaki na pasipoti ya Uingereza, tuone upepo. Waliojiandikisha walihitaji kuonyesha walikuja lini na wamekaa muda gani, na hapo ndipo karatasi za meli zilipotolewa kwenye masanduku, zikatumika, zikarudishwa au zisirudishwe. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo. Nyumba za kupangisha zikachukuliwa, wengi wakaondoka kwenda Uingereza na Kanada, na karatasi zikaondoka nao au zikaachwa kwenye dari. Waliobaki walijifunza kukaa kimya. Funika kombe mwanaharamu apite. Nimeona kwa macho yangu mzee mmoja wa mtaa wetu akichana cheti cha chanjo ya ndui cha baba yake, cha kupandia meli, kwa hofu kwamba siku moja mtu atakitumia kumwambia mwanawe kwamba si Mtanzania. Nilimsihi. Alisema, "Wewe mtoto hujui maswali ya dirishani."

Siwezi kumlaumu. Karatasi inayothibitisha kwamba babu yako alitoka ng'ambo ndiyo inayothibitisha pia kwamba alipokelewa kihalali. Inategemea imeshikwa na nani. Kamishna Jenerali, hapa nazungumza nawe moja kwa moja: hakuna atakayeleta sanduku la bibi yake likaskaniwe kama anahisi upande wa pili wa meza kuna afisa anayetafuta kesi. Tunahitaji tamko la maandishi, lenye sahihi, kwamba kumbukumbu za kuwasili zilizofunguliwa kwa wasomaji wa historia hazitatumika kuanzisha uchunguzi wa uraia wa wajukuu. Bila tamko hilo mtafungua chumba cha wasomaji kitakachokaa kitupu, kisha mtasema wananchi hawana mwamko.

Najua pia mtaniambia habari ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni sheria nzuri na sitaki ivunjwe. Majalada ya uhamiaji yana magonjwa ya watu, madeni yao, na barua za kuchongea zilizoandikwa na washindani wa biashara (zilikuwa nyingi, wazee wanasema, na mwandiko ulijulikana). Basi tenganisheni. Kitabu cha kuwasili chenye jina, meli, tarehe na kazi kifunguliwe kwa wote. Jalada la ndani la mtu lifunguliwe kwa wazao wake wenye kuonyesha uhusiano, au miaka 100 ikitimia tangu kuzaliwa kwake. Nchi nyingine zinafanya mpaka wa namna hii bila bahari kukauka.

Si vitu vyote viko nchini. Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja lenye makao Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 mali ziligawanywa kwa mabishano: mabehewa, injini, boti. Makaratasi hayakuwa na mtu wa kuyagombania. Ombeni Nairobi watazame kwao. Zanzibar, pale Nyaraka Kilimani, wana hazina ambayo bara hatuitumii vya kutosha, na meli nyingi za Bombay zilitia nanga Unguja kabla ya kufika Dar es Salaam. Kisiwa cha Changuu kilikuwa na karantini, majengo yake bado yanaonyeshwa watalii pamoja na kobe. Waliolazwa pale waliandikwa pia. Barua moja kutoka kwa Mkurugenzi kwenda kwa mwenzake wa Zanzibar inaweza kufanya kazi kubwa kuliko mradi wa mfadhili.

Na msione kwamba hili ni la Wahindi peke yao. Vijana wa Ugogo na Urangi walivuka bahari hiyo hiyo wakiwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, kwenda Sri Lanka na kisha Burma. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, na tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaizamisha kwa torpido karibu na Maldives. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina yao yameandikwa katika kumbukumbu ya vita Nairobi, yanatafutika, kwa sababu wapo waliojali kuyaweka pamoja. Waliofika salama na kurudi wakaja kulima uwele Mvumi na Bahi, wao hawamo popote ambapo mjukuu anaweza kufungua. Kondoa penyewe, wakati wa vita ile ile, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipoland waliopitia Uajemi na kuvuka bahari hadi huku. Wilaya moja ya bara, isiyo na hata bwawa la kutisha, ina bahari tatu ndani yake.

Familia zinaweza kufanya mengi zikipewa pa kushika. Meli Tilawa iliondoka Bombay tarehe 20 Novemba 1942 kuja Afrika Mashariki. Siku tatu baadaye ilipigwa torpido na nyambizi ya Kijapani, wakafa watu 280, na meli ya kivita ya Kiingereza Birmingham ikawaokoa mamia na kuwarudisha Bombay. Kwa miaka mingi habari ile ilikuwa ya vibarazani tu. Wajukuu wakaanza kukusanya majina, barua na picha, na mwaka 2022, ilipotimia miaka 80, familia zikakutana Mumbai kuwakumbuka. Katika mitaa yetu wapo ambao babu zao waliahirisha safari ya Novemba ile. Wanasema hivyo, angalau. Orodha ya abiria ingetuambia nani anasema kweli, na kwa vijiwe vyetu hilo peke yake lingekuwa burudani ya mwaka mzima.

Ombi la mwisho ni la mahali. Makao makuu yamehamia hapa. Uhamiaji mko hapa. Nyaraka mna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu hapa hapa Dodoma, na mtu wa Singida au Kondoa hafai kupelekwa Upanga, Dar es Salaam, kuuliza habari za bibi yake, hata kama treni mpya imefupisha njia. Wekeni meza moja Dodoma. Meza, kiti, taa nzuri, mtumishi mmoja anayejua namba za masijala za kikoloni, na kompyuta yenye hiyo orodha ninayoidai. Wekeni bei ya nakala ukutani, ijulikane, mtu alipe na apewe stakabadhi. Tukija na karatasi zetu, zipigwe picha tukiwa tumesimama hapo, kisha turudishiwe mkononi. Asilia hatuachi, tumeshaacha vya kutosha. Nanyi mtabaki na nakala ambazo serikali haikuwahi kuwa nazo.

Tena, kama mtanivumilia, meza hiyo iwe wazi na Jumamosi asubuhi. Wengi wetu ni watu wa duka, na siku za kazi hatuna wa kumwachia kaunta.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mjukuu wa fundi cherehani,
Madukani, Dodoma.